Mkubwa wa Sirandu

Baba alitoka saa nne usiku,
ndoo mbili, kamba, taa ya mkebe,
na kaptula ambayo haikuanikwa uani mchana.
"Naenda Sirandu," alisema.
Sirandu ni wapi? Alinyoosha kidole
juu ya mabati ya Nyalenda, kule ziwani,
ambako magugumaji hushikana yakawa kama nchi.

Alfajiri alirudi, ananuka mafuta ya taa
na sabuni ya kipande, akaketi kunisimulia.

Kule, Akeyo, mzoa taka haingilii mlango wa nyuma.
Akipita na mkokoteni, mwenye kofia huivua,
wanaogombana hunyamaza, kisha huendelea.
Matangani, kiti chenye mgongo ni chake,
na kichwa cha mbuta hakiguswi hadi aketi.
Anayetaka uchifu sharti kwanza azoe,
miaka saba, mavi ya watu asiowapenda.
"Saba?"
"Saba. Wengi hufika wa pili, wakasema tumbo linauma."

Kule hawaapi kwa radi wala kwa kaburi.
Huapa kwa mfereji: nikisema uongo, uzibe.
Mtoa choo wanamwita Mlinda-Visima.
Mfagiaji wanamwita Mwandishi,
kwa kuwa ndiye huandika barabara
kabla mguu wowote haujaisoma.

Nikaamini. Mbona nisiamini?

Darasa la tatu, Mwalimu Nafula akauliza kazi za wazazi.
Fundi baiskeli. Muuza omena. Askari jela wa Kodiaga.
Nikasimama: "Baba ni mkubwa wa Sirandu."
Ombija, dawati la nyuma, akacheka hadi akakohoa.
"Baba yake alitoa choo chetu juzi.
Mama alimwekea pesa juu ya jiwe,
wasigusane."
Darasa zima likaziba pua.
Sikulia.
Naongopa. Nililia, nyuma ya tangi la shule,
na hata tangi lilikuwa limekauka.

Jioni sikumwamkia. Alijua.
Alikaa kizingitini akichokoa ukucha kwa njiti ya kiberiti.
Hakuomba radhi. Hakusema Sirandu haipo.
Alisema: "Mwaka wa kipindupindu, hujazaliwa,
kwenye ploti ya kina Ombija walizikwa watatu.
Mwaka jana mvua ilikuwa ileile,
matope yaleyale. Hesabu waliozikwa."
Nilinyoosha vidole, nikatafuta jina la kuanzia.
Ngumi yangu ikabaki ngumi.

Siku hizi lori ni langu. La buluu,
tangi la lita elfu nne, pampu inayokohoa kama babu.
Nanyonya mchana, saa sita, jua la Kisumu limesimama wima,
wala sijifuniki uso. Mlangoni nimeandika
kwa rangi nyeupe, kwa mkono wangu, SIRANDU,
herufi ya R imeinama kidogo.
Wanauliza, kampuni ya wapi hiyo?
Ya kisiwani, nasema.
Wengine bado wanaziba pua.
Wengine wananitumia pesa kwa simu wakiwa hatua tatu kutoka nilipo;
jiwe limebadilika tu, limekuwa na kioo.

Ila juma lililopita, Manyatta, nyuma ya posho mili,
nilikuwa nakunja bomba, glavu bado mkononi,
mama mmoja, Anyuolo, akatoa kiti nje.
Kiti chenye mgongo.
Akakipangusa kwa leso aliyojifunga.
"Keti."
"Nimechafuka, mama."
"Nimeona. Keti."

Mezani palikuwa na ugali, na sahani imefunikwa kwa sahani.
Harufu ilinifikia kabla ya kufunuliwa,
na koo langu likafanya kitu ambacho sikukiruhusu.
Nikamuuliza kama amewahi kufika Sirandu.

"Wapi huko?" akasema,
akashika jagi,
akaanza kuninawisha mikono.